Nafsi ya Mzazi katika Matini ya Makumbusho: Uhakiki wa Maonyesho Kuhusu Ujauzito na Uzazi

Utangulizi

Maonyesho ya makumbusho ni matini. Yana msimulizi, japo jina lake aghalabu halitajwi. Yana wahusika, mandhari na msuko. Yana mwanzo unaoamuliwa na mlango wa kuingilia na mwisho unaoamuliwa na mlango wa kutokea. Mieke Bal, katika Double Exposures (1996), alilikuza wazo hili kwa kudai kuwa kila onyesho ni usemi wenye nafsi tatu: nafsi ya kwanza ni ya mwenye kuonyesha, nafsi ya pili ni ya mtazamaji, na nafsi ya tatu ni ya kile kinachoonyeshwa, ambacho husemwa bila kupewa fursa ya kusema. Dai hili likikubaliwa, mhakiki wa fasihi hahitaji kibali cha mtu yeyote ili aingie katika kumbi za makumbusho. Maswali aliyozoea kuyauliza kuhusu riwaya na tamthilia yanafaa humo pia: nani anasimulia, nani anasimuliwa, na nani amenyamazishwa?

Makala haya yanachunguza aina moja ya maonyesho, nayo ni yale yanayohusu ujauzito na uzazi. Aina hii imeteuliwa kwa sababu ndani yake tatizo la nafsi ya tatu hufikia kilele. Katika onyesho la vyungu, kinachosemwa ni chungu. Katika onyesho la uzazi, anayesemwa ni mtu, na ndani ya mtu huyo mna kiumbe mwingine ambaye hadhi yake imezua mabishano katika kila jamii. Mbunifu wa maonyesho hulazimika kuamua mhusika mkuu ni nani: mama, mtoto, mkunga, daktari au chombo. Hata asipoamua kwa makusudi, mpangilio wa makabati na maandishi ya ukutani huamua kwa niaba yake.

Matini zitakazozingatiwa zaidi ni nne: mabamba ya anatomia ya William Hunter (1774), mwanasesere wa kufundishia ukunga wa Madame du Coudray, onyesho la picha za wajawazito lililofanyika katika Foundling Museum jijini London mwaka 2020, na onyesho la Marekani lililoitwa Designing Motherhood lililoanza mwaka 2021. Hoja kuu ni kwamba thamani ya onyesho la uzazi haipimwi kwa wingi wa vitu wala kwa ujasiri wa kuonyesha mwili uchi, bali kwa namna linavyomrejeshea mzazi nafasi ya mtenda, na kwa uaminifu wake pale ambapo nafasi hiyo haiwezi tena kurejeshwa.

Sarufi ya Uzazi

Lugha ya Kiswahili inampa mhakiki kifaa cha uchambuzi ambacho hakina budi kutumiwa. Tukio moja la uzazi hutajwa kwa vitenzi kadhaa vinavyotofautiana katika mgawanyo wa uwezo. Mama "huzaa": yeye ndiye kiima na mtoto ni shamirisho. Mtoto "huzaliwa": sasa yeye ndiye kiima, na mama anaweza kuachwa nje ya sentensi bila sentensi hiyo kuonekana pungufu. Mkunga au daktari "huzalisha": mtu wa tatu ameingia akatwaa nafasi ya mtenda, na mama "amezalishwa". Mwisho, mama "hujifungua". Hapa kiambishi cha kujirejea kinamfanya awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Anayefungua na anayefunguliwa ni yeye yule.

Kuna na sentensi ya tano ambayo aghalabu husahauliwa: "mimba imeharibika." Kauli ya kutendeka haina mtenda. Mama hayumo, mtoto hayumo, na sababu haimo. Msiba umetajwa kana kwamba ni chakula kilicholala. Kwa upande mwingine, istilahi za jamaa zimehifadhi mtazamo uliomweka mama katikati. Mwana wa kwanza ni "kifungua mimba" na wa mwisho ni "kitinda mimba". Wote wawili wametajwa kwa uhusiano wao na tumbo lililowabeba. Nayo methali isemayo kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi inadai kwamba kuna maarifa ambayo hayawezi kupatikana kwa kutazama. Dai hilo ni changamoto kubwa kwa taasisi kama makumbusho, ambayo kazi yake ni kuwapa watu cha kutazama.

Haidaiwi hapa kuwa sarufi huamua itikadi. Msemaji wa Kiswahili anaweza kusema "amezalishwa salama" kwa upendo na shukrani tele. Kinachodaiwa ni kwamba kila onyesho la uzazi, katika nchi yoyote, huchagua mojawapo ya vitenzi hivi na kukifanya kitenzi chake kikuu. Kazi ya mhakiki ni kukibaini kitenzi hicho.

Mwili Usio na Jina

William Hunter, tabibu Mskoti aliyezaliwa mwaka 1718, alichapisha mwaka 1774 kitabu kikubwa cha mabamba 34 kuhusu anatomia ya mji wa mimba wa binadamu. Kilipigwa chapa na John Baskerville mjini Birmingham, na sehemu kubwa ya michoro ilikuwa ya Jan van Rymsdyk. Kazi hiyo ilikuwa imeanza mwaka 1751, Hunter alipoupata mwili wa mwanamke aliyefariki ghafla akiwa amekaribia kujifungua. Mkusanyo wa Hunter ndio uliozaa makumbusho ya Hunterian yaliyofunguliwa Glasgow mwaka 1807, na humo zimehifadhiwa pia sanamu za plasta zilizofinyangwa kutokana na miili iliyopasuliwa.

Mabamba hayo yana ustadi usiopingika. Kijusi kimechorwa hadi unywele wa mwisho, kimejikunja, kichwa chini, tayari kutoka. Lakini mama amekatwa. Mapaja yake yanaishia katika duara la nyama na mfupa, mithili ya kile kinachoning'inia katika bucha, na juu ya kiwiliwili hakuna kifua wala uso. Ludmilla Jordanova, katika Sexual Visions (1989), aliujadili ukatili wa uhalisia huu. Fani yenyewe inabeba dhamira: kila kilicho cha mtoto ni kizima, na kila kilicho cha mama ni kipande.

Kitenzi kikuu cha matini hii ni kipi? Mwanamke huyu hakuzaa, wala mtoto wake hakuzaliwa. Wote walikufa kabla. Anayezaa hapa ni mpasuaji mwenyewe, naye anazaa maarifa. Mabamba yamebeba majina ya mchoraji na ya waliochonga michoro hiyo katika shaba. Jalada lina jina la mwandishi. Kitabu kimetabarukiwa kwa Mfalme George III. Jina la mwanamke halimo. Kejeli ya jambo hili inaongezeka ikikumbukwa kuwa Hunter alikuwa pia tabibu wa Malkia Charlotte, mke wa mfalme huyo, aliyezaa watoto 15. Mwili wa malkia ulilindwa dhidi ya macho ya watu, ilhali mwili wa mwanamke asiyejulikana ndio uliogeuzwa kuwa kielelezo cha miili ya wanawake wote, malkia akiwemo.

Mbunifu wa maonyesho wa leo anayeyaonyesha mabamba haya hana njia nyepesi. Akiyaficha, anaifuta hata athari pekee iliyobaki ya wanawake hao. Akiyaonyesha bila maelezo, anaurudia ukataji ule. Njia inayobaki ni kuufanya ukimya wenyewe uwe sehemu ya maelezo: kuandika ukutani, kwa herufi zenye ukubwa sawa na zile za jina la Hunter, kwamba aliyelala hapa ni mwanamke ambaye jina lake halikuandikwa. Sentensi hiyo haimrejeshei sauti. Inamzuia tu mtazamaji asidhani kwamba sauti hiyo haikuwahi kuwepo.

Kitambaa, Ngozi na Mikono ya Wakunga

Karne ileile ilitoa matini ya aina nyingine. Mwaka 1759 Mfalme Louis XV wa Ufaransa alimpa mkunga Angélique Marguerite Le Boursier du Coudray idhini ya kuzunguka nchini akiwafundisha wanawake wa vijijini ukunga. Alifanya kazi hiyo hadi miaka ya 1780, na waliofunzwa walikuwa maelfu. Wengi wao hawakujua kusoma. Kwa hiyo, pamoja na kitabu alichokichapisha mwaka huohuo wa 1759, aliunda kile alichokiita "mashine": mwanasesere wa ukubwa wa kiwiliwili cha mwanamke, aliyeshonwa kwa kitambaa na ngozi na kujazwa pamba, pamoja na mtoto wa kitambaa aliyeweza kugeuzwa na kutolewa. Mashine mojawapo imehifadhiwa mjini Rouen, katika makumbusho ya Flaubert na historia ya tiba.

Kwa mtazamo wa haraka, mwanasesere huyu hana tofauti na mabamba ya Hunter, kwani naye amekatizwa mapajani na hana uso. Ufeministi wa juujuu ungeweza kuwahukumu wote wawili kwa kosa moja. Hata hivyo, tofauti iko katika uhusiano wa matini na msomaji wake. Bamba la Hunter linamtaka msomaji atazame, naye hukaa mbali, mikono imetulia. Mashine ya du Coudray inamtaka msomaji atende. Mwanafunzi huingiza mkono, hupapasa, hukosea, hurudia. Anachojifunza hakiishii kwenye kitambaa, bali kitahamia kwa mama aliye hai atakayemkuta kijijini kesho. Hapa kitenzi kikuu ni "kuzalisha", lakini ni kuzalisha kunakomtumikia mwenye kujifungua.

Hata hivyo, matini hii nayo ina tumbo linaloficha kitu. Picha za eksirei zilizopigwa zilionyesha kuwa ndani ya mashine ya Rouen mna mifupa halisi ya nyonga ya binadamu. Hivyo, hata katika kazi iliyofanywa na mwanamke kwa ajili ya wanawake, yupo mwanamke asiyetajwa anayeibeba kazi yote kutoka ndani. Taarifa hii inaukataza uhakiki usiigawe historia ya uzazi katika kambi mbili, ya wanaume watesi na ya wanawake waokoaji. Inafunza pia jambo kuhusu ubunifu wa maonyesho: kifaa kilichoundwa kwa ajili ya mikono, kikifungiwa katika kabati la kioo, hupoteza kitenzi chake. Mtazamaji anayeambiwa asiguse ameshageuzwa kuwa msomaji wa Hunter. Maonyesho yanayomweka nakala ya mwanasesere mezani ili ishikwe yanakuwa yameisoma matini hiyo kwa usahihi zaidi kuliko yanayoilinda dhidi ya vidole.

Picha, Waraka na Kipande cha Nguo

Mnamo Januari 2020, Foundling Museum ilifungua onyesho lililoandaliwa na Karen Hearn kuhusu picha za wajawazito kuanzia enzi ya Holbein hadi enzi ya mitandao ya kijamii. Onyesho hilo lilikatizwa kabla ya wakati wake mwezi Machi kutokana na janga la korona. Wazo lake lilikuwa sahili na lenye nguvu: kwa karne nyingi wanawake wengi walioolewa walikuwa wajawazito kwa sehemu kubwa ya ujana wao, ilhali ujauzito huo hauonekani katika picha zao nyingi. Hearn aliutafuta ujauzito ule ulioonekana kwa nadra.

Miongoni mwa kazi zilizokuwemo ni mchoro wa Hans Holbein wa Cicely Heron, bintiye Thomas More, uliochorwa kati ya 1526 na 1527. Tumbo halikutiliwa mkazo wowote. Kinachomfichua mjamzito ni kamba za gauni lake zilizolegezwa kifuani. Msomaji wa Kiswahili hana budi kuiona hapo taashira ya kufunguka: mwili umeanza kujifungua kwa kufungua vazi, miezi kadhaa kabla ya uchungu. Ilikuwemo pia picha ya Binti Mfalme Charlotte iliyochorwa na George Dawe mwaka 1817, ikiwa pamoja na vazi lenyewe la hariri alilolivaa humo. Novemba mwaka huohuo Charlotte alimzaa mtoto aliyekufa, na yeye mwenyewe akafariki saa chache baadaye. Vazi lililosimama peke yake karibu na picha lilisema jambo ambalo picha haikuweza kulisema, kwamba kilichobaki ni nguo.

Kwa mhakiki wa fasihi, hata hivyo, kitu kikuu katika onyesho hilo hakikuwa picha. Kilikuwa muswada wa Elizabeth Joscelin. Mwaka 1622, akiwa mjamzito na akiwa na hofu kwamba hangepona, mwanamke huyu alimwandikia mtoto ambaye alikuwa bado tumboni waraka wa mausia. Alijifungua binti mwezi Oktoba, akafariki siku tisa baadaye. Waraka ulipatikana katika meza yake ya kuandikia, ukachapishwa mwaka 1624, na mchapishaji wake akasimulia jinsi marehemu alivyokuwa ameagiza kwa siri sanda yake. Usimulizi wa Joscelin una muundo wa kipekee. Nafsi ya kwanza ni mama anayetarajia kufa. Nafsi ya pili ni msikilizaji ambaye hajazaliwa. Na wakati wa usemi ni ujao ambao msemaji hatakuwemo. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataukumbuka utenzi ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye katika karne ya 19 akiwa mgonjwa. Mazingira na imani vinatofautiana sana, na mtoto wa Mwana Kupona alikuwa ameshazaliwa. Kinachofanana ni hali ya usemi: mausia ya mama ni utanzu unaozaliwa pale kifo kinapokaribia, na ambao mamlaka yake hutokana na kukaribia huko.

Katika ukumbi uliojaa wanawake waliochorwa na wanaume, Joscelin peke yake, kabla ya karne ya 20, ndiye aliyeitwaa nafsi ya kwanza. Hii ndiyo nguvu ya onyesho na pia ndiyo mipaka yake. Joscelin aliweza kusema kwa kuwa alielimishwa, na aliweza kuelimishwa kwa kuwa alizaliwa katika tabaka lililokuwa na vitabu. Wanawake wengine katika picha walikuwa wake na mabinti wa wenye nyadhifa. Hata kazi za karibuni zaidi, kama vile picha ya Demi Moore iliyopigwa na Annie Leibovitz mwaka 1991 na ile ya Beyoncé iliyopigwa na Awol Erizku mwaka 2017, ziliendeleza desturi ya kuonyesha ujauzito wa watu mashuhuri. Je, ujauzito wa maskini ulikuwa wapi?

Ulikuwa katika jengo hilohilo. Foundling Museum inasimulia historia ya hospitali ya watoto walioachwa iliyoanzishwa na Thomas Coram kwa hati ya kifalme ya mwaka 1739 na kuwapokea watoto wa kwanza mwaka 1741. Mama aliyemleta mtoto wake aliacha alama ya utambulisho: sarafu iliyokwaruzwa, kipande cha kadi, au aghalabu kipande cha nguo kilichokatwa na kubandikwa kwenye fomu ya mtoto, ili siku moja, hali ikiruhusu, aweze kurudi na kumdai. Mtoto alipewa jina jipya. Kati ya mwaka 1741 na 1760 walipokewa watoto zaidi ya 16,000. Waliorudiwa na wazazi wao walikuwa 152.

Alama hizi ni waraka wa wasioandika. Joscelin aliandika kurasa nyingi kwa mtoto ambaye hangemwona akikua. Mwanamke wa kitambaa aliandika kwa mkasi. Kata ya nguo ni sentensi yenye nusu mbili, nusu moja ikibaki kwa mama na nyingine ikienda kwa taasisi, na maana hukamilika tu nusu hizo zikikutana tena. Kwa idadi kubwa ya watoto sentensi hiyo haikukamilika. Onyesho la mwaka 2020 lilihitaji kusomwa pamoja na alama hizo. Likisomwa peke yake, linasimulia jinsi ujauzito ulivyofichwa na kufichuliwa katika sanaa ya wenye mali. Likisomwa na jengo lote, linafichua kuwa ujauzito uleule uliosherehekewa kwa rangi ya mafuta katika tabaka moja ulikuwa katika tabaka jingine aibu ya kukabidhiwa mlangoni. Usomaji huo wa pili ndio wenye kweli kamili zaidi, nao hutegemea mtazamaji apande na kushuka ngazi na kuunganisha mwenyewe.

Vifaa na Wanaovitumia

Designing Motherhood ilianzishwa na Michelle Millar Fisher na Amber Winick, ikatokea kama kitabu na kama onyesho mwaka 2021. Onyesho lilianzia Philadelphia katika Mütter Museum, makumbusho ya kitabibu yaliyotokana na mkusanyo aliouacha Thomas Dent Mütter mwaka 1858, kisha likaenda kwingine, likiwemo jiji la Boston mwaka 2022. Kiini chake si mwili wala picha, bali vitu vilivyosanifiwa: pampu za kukamulia maziwa, nguo za wajawazito, vifaa vya kupimia mimba, kisanduku cha Finland cha mahitaji ya mtoto mchanga.

Mkakati huu una faida iliyo dhahiri. Unamwondolea mwanamke mzigo wa kutazamwa. Badala ya kumkata, unakata simulizi ya kifaa. Kisanduku cha Finland, kwa mfano, kilianza kutolewa mwaka 1938 kwa kina mama wenye kipato kidogo na kuanzia mwaka 1949 kikawa haki ya kila mama, kwa sharti kwamba ahudhurie kliniki mapema. Katika kadibodi hiyo yamo mapatano baina ya dola na mzazi: zawadi na uangalizi vimefungwa pamoja. Vivyo hivyo kifaa cha kwanza cha kujipima mimba nyumbani, kilichobuniwa mwaka 1967 na Margaret Crane, msanifu wa michoro katika kampuni ya dawa ya Organon, kinasimulia mabadiliko ya kitenzi. Kabla yake mwanamke alipimwa, na habari ya mwili wake ilimfikia kupitia kwa daktari. Baada yake aliweza kujipima. Kiambishi kilekile cha kujirejea kilichomo katika "kujifungua" kimeingia mwanzoni mwa safari.

Hata hivyo, onyesho la vifaa lina hatari yake. Kifaa kikifanywa mhusika mkuu, historia ya uzazi huelekea kuwa historia ya maendeleo ya vifaa, kila kimoja kikiwa bora kuliko kilichotangulia. Mfano wa spekulamu, yaani chombo cha kupanulia uke, unatosha kuonyesha udhaifu wa msuko huo. Historia ya aina mojawapo ya chombo hicho inafungamana na J. Marion Sims, aliyefanya majaribio ya upasuaji wa fistula huko Montgomery, Alabama, kati ya mwaka 1845 na 1849 kwa wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi. Watatu kati yao wanajulikana kwa majina: Anarcha, Lucy na Betsey. Anarcha alipata fistula baada ya uchungu wa siku kadhaa, akapasuliwa mara takriban 30. Sanamu ya Sims iliyokuwa katika Central Park jijini New York iliondolewa Aprili 2018.

Linganisho na Hunter linafunza jambo. Mwanamke wa Hunter hana jina wala sauti. Anarcha ana jina, lakini jina hilo lilihifadhiwa katika maandishi ya Sims mwenyewe. Ni jina lililo katika shamirisho. Mama wa kitambaa ana sauti ya namna yake, lakini aghalabu hana jina. Joscelin ana vyote viwili. Kwa hiyo, kutaja majina ni lazima, ila hakutoshi. Mbunifu anayedhani amelipa deni kwa kuandika "Anarcha" chini ya spekulamu amemtoa katika giza moja na kumwingiza katika jingine, ambamo anajulikana kwa maumivu aliyotendewa tu.

Tatizo la Mwisho

Maonyesho mengi ya uzazi yana msuko wa moja kwa moja: mimba hutungwa, hukua, huwa mtoto, na mtazamaji hutoka akitabasamu. Ni muundo wa kikomedia, na mfano wake ulio maarufu ni sanamu za ukuaji wa kijusi zilizotengenezwa na Robert Dickinson na Abram Belskie kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1939. Picha za Lennart Nilsson zilizochapishwa katika jarida la Life tarehe 30 Aprili 1965 ziliusukuma muundo huu hadi mwisho wake: kijusi kinaelea kama msafiri wa angani, na mama ametoweka kabisa. Rosalind Petchesky (1987) na Barbara Duden, katika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1993, walieleza jinsi taswira za aina hii zilivyomgeuza mama kuwa mandhari tu. Kinaya ni kuwa sehemu kubwa ya vijusi katika picha za Nilsson vilikuwa vimekwisha kutolewa tumboni. Taswira mashuhuri zaidi ya mwanzo wa uhai katika karne ya 20 ilitokana kwa kiasi kikubwa na mimba ambazo hazikufika mwisho.

Muundo wa kikomedia unamfukuza mtazamaji fulani. Huyo ni yule ambaye kwake sentensi ya uzazi ilikuwa "imeharibika". Anapita mbele ya kabati baada ya kabati, mwezi baada ya mwezi, na kufika mahali ambapo simulizi yake ilikoma, ilhali simulizi ya ukutani inaendelea bila kutambua kuwa amesimama. Onyesho la London lilipokea sehemu ya mzigo huu kwa kumweka Charlotte na Joscelin kati ya wajawazito wengine, bila kuwatengea chumba cha msiba.

Kuhusu mpangilio huu, nyumba kongwe za mawe za Lamu zina fundisho. Chumba chake cha ndani kabisa, nyumba ya kati, ndicho kilichohusishwa na kujifungua na vilevile na kuoshwa kwa maiti. Aliyepanga nyumba hiyo hakuona kuwa mambo hayo mawili yanahitaji milango tofauti. Usanifu huo ni usomaji wa uzazi wenye uhalisia kuliko ule unaoufanya uzazi uwe barabara yenye mwelekeo mmoja. Mbunifu wa maonyesho anayetaka kuwatendea haki watazamaji wote angeweza kuupanga ukumbi kwa duara, chumba cha kati kikifikika kutoka kila upande, badala ya ukanda unaomlazimisha kila mtu afike kwa mtoto.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa maonyesho ya ujauzito na uzazi yanahakikika kama matini nyingine yoyote, na kwamba vitenzi vya uzazi vya Kiswahili vinafaa kuwa msingi wa uhakiki huo. Mabamba ya Hunter yanamwondoa mzazi katika sentensi. Mashine ya du Coudray inamrudisha kupitia mikono ya wakunga, ingawa nayo ina mifupa ya asiyetajwa. Picha za London zinampa mwonekano, na waraka wa Joscelin unampa kauli, lakini ni mzazi wa tabaka moja. Vifaa vya Marekani vinamwondoa machoni ili vimpe heshima, vikibaki katika hatari ya kumsahau.

Hakuna onyesho linaloweza kumaliza kazi hii, kwa kuwa methali iliyotajwa ina ukweli wake: sehemu ya maarifa ya uzazi haipitiki kwa macho. Lakini kutoka katika ukweli huo halifuati agizo la kunyamaza. Linalofuata ni wajibu wa kuonyesha wazi mipaka ya kinachoonyeshwa. Onyesho linapaswa kuwatenga waliosema na waliosemewa, na kutowapa wa pili maneno ya kubuni ili kuziba pengo. Linapaswa kuweka kipande cha nguo kilichokatwa karibu na picha ya mafuta, katika mwanga sawa na kwa kimo sawa. Na katika mafunzo ya wahakiki wa Kiswahili, ambako makumbusho bado yanachukuliwa kuwa mahali pa safari ya shule tu, lingekuwa jambo la manufaa kwa wanafunzi wa uzamili kupelekwa humo wakiwa na swali moja la kisarufi: katika ukumbi huu, nani ni kiima?